Atokaye Baharini Asikimbilie Mlimani

Wahenga walisema haraka haina baraka. Methali hiyo tumeisema tangu utotoni, lakini wengi wetu tumeisema kwa ulimi tu, wala hatukuitia moyoni. Mimi nilikuja kuifahamu maana yake huko Kakamega, mji usio na bahari wala harufu ya bahari, na aliyenifahamisha ni kijana niliyemshika mkono kumpeleka chuoni siku ya kwanza, mpwa wangu mwenyewe.

Kijana huyu kazi yake ni kuzamia. Huwachukua wageni nje ya Nyali kwenda kutazama meli iitwayo Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe maskani ya samaki. Meli hiyo imelala mchangani, kina cha kama mita 30. Mkewe ni mtu wa Kakamega, binti wa nyumba ya Kiislamu. Msomaji asistaajabu, maana Uislamu ulifika pande zile tangu karne ya 19, ulipochukuliwa na Waswahili wa misafara waliokuwa wakituа Mumias, kwa Nabongo.

Jumamosi moja, saa saba mchana, zikaja habari kwamba baba yake yule binti amefariki dunia. Wenyewe wa Kakamega wakasema kwamba watamngojea mtoto wao afike, na mazishi yatakuwa Jumapili kabla ya adhuhuri. Mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa wa upande wetu, nikashika shughuli ya safari. Nikapata nafasi tatu katika ndege ya jioni, Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Kisumu, na kutoka Kisumu gari hadi Kakamega. Nikampigia simu mpwa wangu nikamwambia ajitayarishe.

"Mjomba," akaniambia, "mke wangu nakukabidhi wewe. Mimi leo sipandi ndege."

"Hupandi kwa nini? Aliyekufa ni mkweo!"

"Asubuhi hii nimezama mara mbili, mita thelathini. Nikipanda juu leo, huenda nikawaongezea msiba wa pili."

Nikafikiri anaogopa ndege. Nikamwambia, basi panda basi la jioni, utafika asubuhi. Akanijibu kwamba basi ni baya zaidi kuliko ndege. Hapo ndipo nilipokasirika. Nilimwambia maneno ambayo leo nayaonea haya, kwamba mtu anayeogopa hewa si mwanamume, na kwamba wazungu wake wamemfundisha kuwadharau wakwe. Hakunirudishia neno. Alisema tu, "Nisamehe, Mjomba. Nitatoka kesho mchana, Inshallah."

Nikaenda na mkewe. Jumapili tukazika. Kila mkono niliopewa pale makaburini ulikuja na swali moja: "Mkwe wetu yuko wapi?" Nami nilikuwa nikijibu, "Yuko njiani," na uso wangu nimeuinamisha. Mzee mmoja, ndugu wa marehemu, alinitazama kitambo kisha akasema, "Mombasa ni mbali, lakini wewe umefika." Maneno hayo yaliniingia kama mwiba.

Mpwa wangu aliwasili Jumatatu asubuhi kwa basi. Siku ya tatu ikasomwa hitima, mbuzi akachinjwa, na watu walipokwisha kula, yule mzee akamwita mbele za watu. Alimwita kwa upole, lakini aliyekuwapo alijua kwamba ni baraza. "Mwanangu," akamwambia, "tuambie kilichokuzuia kumzika baba wa mke wako."

Kijana aliomba chupa mbili za soda. Ya kwanza akaitikisa, akaifungua kwa ghafula. Soda ikafoka, ikamwaga povu mpaka kwenye mkeka. Ya pili akaifungua pole pole, akakilegeza kifuniko kidogo kidogo, na soda ikatulia ndani ya chupa. Akasema, "Wazee wangu, mimi Jumamosi nilikuwa chupa hii. Hewa ilikuwa ndani ya damu yangu. Kama ningepanda huku siku ile, kifuniko kingefunguliwa kwa ghafula."

Nitajaribu kueleza kama alivyoeleza yeye, maana tangu siku ile nimeuliza na kusoma, nikaona kwamba maneno yake yote yalikuwa ya kweli.

Hewa tunayoivuta ina sehemu kubwa ya gesi iitwayo naitrojeni, karibu sehemu nne katika tano. Mwili hauna haja nayo. Huingia na kutoka bila ya kufanya kitu. Lakini mtu anapozama, maji humgandamiza. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo mmoja sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu hapa pwani. Kwa hiyo aliye kina cha mita 30 anabeba mgandamizo mara nne, na hewa anayoivuta kutoka mtungini humjia kwa nguvu hiyo hiyo. Naitrojeni hupenya katika damu, katika mafuta ya mwili na katika viungo, ikayeyuka humo kama gesi ilivyoyeyuka katika soda. Kadiri anavyokwenda chini zaidi na kukaa zaidi, ndivyo inavyozidi kuingia.

Akiibuka pole pole, gesi ile hurudi mapafuni kidogo kidogo naye huitoa kwa pumzi. Akiibuka kwa haraka, hugeuka mapovu ndani ya mwili. Povu likikaa katika bega au goti huleta maumivu makali. Likifika katika uti wa mgongo miguu hufa ganzi, na mtu huweza kupooza. Likifika katika ubongo au likajaa mapafuni huweza kuua. Hayo ndiyo maradhi ya wazamiaji.

Sasa jambo ambalo mimi sikulijua ni hili. Hata mzamiaji aliyeibuka kwa utaratibu wote, akakaa ufukweni mzima wa afya, bado naitrojeni nyingine imebaki mwilini mwake, nayo huendelea kutoka kwa muda wa saa nyingi. Mwili wake umekubaliana na hewa nzito ya pwani. Akipanda mahali penye hewa nyepesi kabla ya kumalizika deni hilo, ni kama kuibuka mara ya pili, na safari hii hakuna maji ya kumpunguzia mwendo.

Na Kakamega ni juu, ndugu msomaji. Mji ule uko kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Nairobi ni juu zaidi. Ndani ya ndege kubwa hewa hulegezwa ikawa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ama basi la Eldoret, hilo hupita Timboroa, ambako njia hupanda zaidi ya mita 2,700; mgandamizo wa hewa pale ni chini ya robo tatu ya ule wa Mombasa. Ndiyo maana aliniambia basi ni baya kuliko ndege, nami nikadhani ananifanyia mzaha. Abiria wa basi huko Timboroa, amejifunika shuka lake na kusinzia, yuko katika hewa nyepesi kuliko abiria wa ndege aliye mawinguni.

Kanuni wanayoifuata wazamiaji wa dunia nzima ni hii: aliyezama mara moja tu, bila ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kuibuka, angoje si chini ya saa 12 kabla ya kupanda ndege au mlima. Aliyezama zaidi ya mara moja, au siku kadhaa mfululizo, si chini ya saa 18. Aliyezama kina kirefu mpaka akalazimika kuibuka kwa vituo, angoje zaidi ya hapo. Na wengi, kwa kujihadhari, hungoja siku nzima, yaani saa 24, ndivyo alivyofanya mpwa wangu.

Wazee wa Kakamega walisikiliza. Mmoja akauliza swali la haki: "Nani aliyeyajua mambo haya, na aliyajuaje?" Kijana akatabasamu akamwonyesha ngozi ya yule mbuzi. Mwaka 1908, mtaalamu mmoja wa Uingereza, John Scott Haldane, pamoja na wenzake wawili, walitangaza matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa mbuzi. Waliwatia katika chumba cha chuma, wakaongeza mgandamizo wa hewa, kisha wakaupunguza kwa namna mbalimbali. Mbuzi aliyetolewa kwa haraka alionekana akiinua mguu mmoja kwa maumivu; aliyetolewa kwa vituo alitoka akitafuta majani. Kutokana na mbuzi hao zilitungwa hesabu za kwanza za kumwongoza mzamiaji, asimame wapi na kwa muda gani anapoibuka. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha umia watu wengi, hasa wafanyakazi waliochimba misingi ya madaraja ndani ya masanduku ya hewa iliyogandamizwa. Daraja la Brooklyn, mjini New York, lililofunguliwa mwaka 1883, lilimwacha mhandisi wake mkuu, Washington Roebling, akiwa mgonjwa, akiangalia kazi yake kutoka dirishani.

Huenda msomaji wa pwani akauliza, mbona wazee wetu walizamia na hatukusikia haya? Wazamiaji wa lulu wa Ghuba wanajulikana tangu zama. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwataja katika habari za safari zake, na Qurani yenyewe, katika Suratu Sad, inawataja wazamiaji miongoni mwa waliotiishwa kumtumikia Nabii Suleiman. Jawabu ni kwamba wale walizama kwa pumzi moja waliyoivuta juu. Mtu amebana pua, ameshika jiwe, na mwenzake yuko juu ameshika kamba ya kumvuta. Pumzi moja haina naitrojeni ya kutosha kumdhuru kwa kawaida. Hatari yao ilikuwa nyingine, nayo ni kuishiwa na pumzi. Mtungi wa hewa tunaouona leo ulitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Ulimpa mwanadamu pumzi nyingi chini ya maji, na pamoja na pumzi hizo ukampa deni ambalo mzamia lulu hakuwa nalo.

Na hapa nina neno na vijana wetu. Wapo wanaokodiwa kuzamia jongoo wa baharini, wakapewa mtungi na miwani bila ya kufundishwa chochote. Hushuka, huibuka upesi, hubadilisha mtungi, hushuka tena, mpaka jua likatua. Mmoja akirudi nyumbani miguu haimchukui, husemwa amepigwa na jini wa bahari. Huchuliwa mafuta, hufukizwa ubani, na saa za kumwokoa zinapita. Mimi sikatai dua. Dua ni silaha ya muumini. Lakini mgonjwa huyu apewe na dawa yake. Alazwe chali, apewe oksijeni safi tangu dakika ya kwanza, anyweshwe maji ikiwa ana fahamu zake, asikandwe, asirudishwe majini kujaribiwa, wala asipandishwe milimani. Apelekwe upesi kwa madaktari penye chumba cha mgandamizo, ambamo mtu hugandamizwa upya mpaka mapovu yakayeyuka, kisha akatolewa taratibu kama wale mbuzi. Mzamiaji mwenye busara huuliza kabla ya kuingia majini chumba hicho kiko wapi, na kama siku hiyo kinafanya kazi.

Bora zaidi ya dawa ni kujikinga. Asizame mtu peke yake. Anayejifunza asipite mita 18, na hata hodari anayezama kwa kujifurahisha asipite mita 40. Akiibuka, asizidi mita 9 kwa dakika. Afikapo mita 5 asimame dakika tatu, ijapokuwa jua analiona na chombo kinamngoja. Asizuie pumzi kamwe anapopanda, maana hewa iliyo mapafuni hutanuka na huweza kuyapasua. Na abakishe hewa mtungini. Anayeibuka kwa kuishiwa huibuka mbio.

Pale pale kwenye hitima, vijana waliokuwa wamekaa nyuma wakaleta swali la kwao. Kakamega ni nchi ya dhahabu. Ilivumbuliwa mwaka 1931, watu wakamiminika kutoka kila upande, na mgodi mkubwa wa Rosterman ulifanya kazi mpaka ulipofungwa mwaka 1952. Wachimbaji wadogo wangali wakishuka katika mashimo hadi leo. Wakauliza: shimo likijaa maji na mwenzetu akabaki chini, je, mzamiaji wa Mombasa akija na mtungi wake hawezi kumtoa?

Mpwa wangu akawajibu kwamba asingejifanya shujaa. Baharini, akasema, mtu akipatwa na jambo juu yake kuna maji na anga; mgodini juu yake kuna mwamba, na maji ni tope lisiloonyesha hata kidole. Tena hesabu za kuibuka zimetungwa kwa mtu anayetokea usawa wa bahari. Anayezama Kakamega anaibuka katika hewa nyepesi, kwa hivyo hesabu zile za pwani zinamdanganya. Lazima atumie zilizotungwa kwa nyanda za juu, na afuate mwendo wa pole zaidi. Hata Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 juu ya bahari, lina hukumu hiyo hiyo. "Mwiteni mwenye mafunzo ya kazi hiyo," akawaambia, "na akisema ngojeni, ngojeni."

Niliposikia neno hilo nikaikumbuka Likoni. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilitumbukia kutoka kwenye feri, ndani yake mama na mwanawe mdogo. Halikuopolewa mpaka tarehe 11 Oktoba. Siku zote hizo tulisimama kandoni, na wengi tulinung'unika: hawa wazamiaji wanafanya nini? Mbona wanashuka kidogo na kurudi? Gari lilikuja kuonekana kina cha mita 58, mahali ambapo mgandamizo unakaribia mara saba, penye mkondo na giza. Mimi nami nilinung'unika. Sikujua kwamba kila dakika waliyokaa chini ilikuwa na dakika zake za kulipa katika kupanda, na kwamba tulikuwa tukiwataka waharakishe jambo ambalo kuliharakisha ni kuongeza maiti.

Nirudi barazani. Kijana alipokwisha sema, yule mzee hakujibu. Aligeuka akamtazama sheikh aliyesoma hitima. Sheikh akasema kwa ufupi kwamba kumzika Muislamu ni fardhi kifaya. Wakiitekeleza baadhi ya watu, imewaondokea waliobaki. Lakini kuilinda nafsi yako usiitupe katika maangamizi, hilo ni juu yako wewe mwenyewe, hakuna atakayekutendea. "Marehemu alizikwa," akasema, "na huyu yuko hai. Tumshukuru Mungu kwa yote mawili."

Nilikaa kimya nikajihukumu. Tangu nina miaka kumi, chuoni, nimeisoma Suratul-An'am, na katika aya ya 125 umepigwa mfano wa kifua kinachobana kama cha mtu apandaye mbinguni. Nimeisoma mara zisizo na idadi, wala sikuwahi kufikiri kwamba kule juu hewa ni nyingine na mwili wa mwanadamu una haki yake juu ya njia. Kijana aliyezama ndiye aliyelijua. Na kuijua hatari ilikuwa sehemu ndogo ya kazi yake. Sehemu kubwa ilikuwa kumwambia "la" mjomba wake, na kustahamili lawama za siku tatu bila ya kutukana mtu.

Yule mzee aliinuka, akamshika mkono mkwe wake, wakaondoka pamoja kwenda makaburini. Mimi nikawafuata nyuma. Njiani nikamwomba mpwa wangu radhi. Akacheka, akasema, "Mjomba, yameisha. Ila siku nyingine ukinipigia simu, kwanza niulize nimetoka majini saa ngapi."

Swali hilo nawaachia wote walio na mzamiaji nyumbani kwao. Mke, mama, mjomba na mwajiri, kabla ya kumwita kwenye harusi au msiba wa bara, muulizeni saa. Nami, kwa kuwa mazoea yana taabu, nimemwandikia ubeti huu:

Mzamiaji sikia, utokapo baharini,
Usifanye kukimbia, kwenda juu milimani,
Siku moja subiria, hewa itoke mwilini,
Waliopo watatia, mwenda zake kaburini.